Seli Zinapojila: Maswali na Majibu Kuhusu Mishipa Midogo ya Damu, Kisukari na Mfungo

Neno autofajia, yaani seli kujila, limetoka maabara na sasa linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ujumbe unaorudi mara kwa mara ni huu: funga saa 72 bila chakula, seli zako zitakula uchafu wote ulio ndani yake, kisukari kitaondoka na uvimbe wa saratani utakufa. Ndani ya ujumbe huo mna kipande cha kweli, maana seli hujila kweli, na njaa huichochea kazi hiyo. Kilichoachwa ni maswali matatu yanayoamua kila kitu. Ni seli gani inayojila? Inajila kiasi gani? Na iko sehemu gani ya mwili?

Katika majibu yanayofuata nimeangalia hasa mahali pamoja: mishipa midogo kabisa ya damu na seli zinazoikumbatia kwa nje. Huko ndiko kisukari kinakoanzia kuharibu macho na figo, na huko ndiko inakoonekana wazi kwamba autofajia inaweza kuokoa seli na inaweza kuiua.

Swali: Seli kujila maana yake nini? Huo si ugonjwa?

Jibu: Si ugonjwa. Seli zako zinajila hata sasa unaposoma. Ndani ya kila seli kuna protini zilizokunjika vibaya, mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) zilizochakaa, na wakati mwingine vijidudu vilivyopenya. Seli huvizungushia utando wa tabaka mbili mpaka vikafungika ndani ya kifuko. Kifuko hicho huungana na laisosomu, ambayo ni kifuko kingine chenye asidi na vimeng'enya vikali. Vilivyomo huvunjwavunjwa hadi kubaki asidi amino, mafuta na sukari, na seli huvitumia upya kujenga sehemu mpya au kupata nishati.

Laisosomu ziligunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955, na ni yeye aliyetoa jina la autofajia mwaka 1963. Miaka ikapita bila mtu kujua ni vinasaba gani vinavyoiendesha. Aliyevipata ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, na alitumia hamira, hiyo hiyo tunayoumulia mikate. Aliinyima chakula, akatazama kwa darubini vifuko vikijazana ndani yake, kisha akatafuta hamira zilizoshindwa kufanya hivyo ili ajue zimeharibika kinasaba kipi. Kazi hiyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Vinasaba vingi alivyovipata kwenye hamira vina ndugu zake ndani ya mwili wa binadamu.

Kinachoamua lini seli ijile ni protini mbili zinazovutana. Moja, mTOR, huwa na nguvu chakula kinapokuwa kingi, nayo huizuia autofajia. Nyingine, AMPK, huamka nishati inapopungua, nayo huifungulia njia. Upungufu wa oksijeni na sumu za oksijeni ndani ya seli huichochea pia, hata kama mtu ameshiba.

Swali: Hizo seli zinazoikumbatia mishipa ni zipi? Shuleni tulifundishwa ateri, vena na kapilari tu.

Jibu: Zinaitwa perisaiti, na ni kweli kwamba vitabu vingi vya shule vinazipita.

Kapilari ina upana wa mikromita 5 hadi 10 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8, kwa hiyo mara nyingi inalazimika kujikunja ndipo ipite. Ukuta wa kapilari kwa ndani ni safu moja tu ya seli bapa, yaani seli za endothelia. Kwa nje ya safu hiyo, zikiwa zimezama katika utando ule ule wa msingi, zimekaa seli zenye kiwiliwili kilichotuna na mikono mirefu inayouzunguka mshipa. Hizo ndizo perisaiti. Mfaransa Charles Rouget alizieleza katika miaka ya 1870, na jina lake la leo likatolewa na Karl Zimmermann mwaka 1923.

Kazi zake ni nyingi kuliko umbo lake linavyoonyesha. Huubana na kuulegeza mshipa. Hukaza viungio vya seli za endothelia ili maji na protini za damu zisivuje. Huzituliza seli hizo zisizaliane ovyo. Kwenye ubongo, ni sehemu ya kizuizi kinachochuja kipi kitoke kwenye damu na kuingia ndani ya ubongo. Ndiyo maana ubongo na retina ya jicho, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zina perisaiti nyingi kuliko viungo vingine. Kwenye retina, karibu kila seli ya endothelia ina perisaiti yake, ilhali kwenye misuli ya mkono au mguu perisaiti moja huhudumia seli za endothelia kwa makumi.

Umuhimu wake ulionekana vizuri mwaka 1997, watafiti walipotazama vijusi vya panya vilivyoondolewa kinasaba cha PDGF-B, ambayo ni ishara ya kuziita perisaiti. Perisaiti hazikufika kwenye mishipa ya ubongo. Kapilari zilituna vifundo vifundo, zikapasuka, damu ikavuja, na panya wakafa wakati wa kuzaliwa au kabla yake.

Jambo jingine ambalo wenye ndugu waliopata kiharusi wanapaswa kulijua: mwaka 2014 watafiti wa University College London walionyesha kwamba ubongo wa panya ukikosa damu, perisaiti hubana kapilari kisha hufa zikiwa zimebana hivyo hivyo. Hata mshipa mkubwa ukizibuliwa, damu inaweza kukwama mbele kwenye vijia vidogo. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya kumkimbiza hospitali mtu aliyepinda mdomo au kupooza mkono ghafla, bila kungoja kesho asubuhi.

Swali: Mshipa mpya unaota vipi?

Jibu: Huanza na njaa ya oksijeni. Sehemu ya mwili isiyopata oksijeni ya kutosha huacha kuiharibu protini iitwayo HIF, ambayo kwa kawaida huvunjwa punde tu inapotengenezwa. HIF ikikusanyika, huwasha kinasaba cha VEGF, ambayo ni ishara kuu ya kuotesha mishipa. Kwa kueleza jinsi seli zinavyohisi oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

VEGF ikifika kwenye kapilari jirani, perisaiti hulegeza mshiko, utando wa msingi hutobolewa, na seli moja ya endothelia hutangulia ikielekea upande ishara inakotoka. Wenzake huifuata wakizaliana, shina hilo hupata uwazi katikati, na damu huanza kupita. Mpaka hapo mshipa bado ni mchanga: unavuja, na VEGF ikiondoka unaweza kunyauka. Unakomaa pale seli za endothelia zinapotoa PDGF-B na kuziita perisaiti zije kuukumbatia. Baada ya kukumbatiwa, mshipa unaweza kuendelea kuwapo hata VEGF ikipungua.

Kwa mtu mzima jambo hili halitokei kila siku wala kila mahali. Hutokea kwenye kidonda kinachopona, ndani ya mji wa mimba kila mwezi, kwenye kondo la nyuma wakati wa ujauzito, na kwenye misuli ya mtu anayeanza mazoezi.

Swali: Autofajia inaingia wapi hapo? Inaotesha mishipa au inaizuia?

Jibu: Yote mawili, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Mwaka 2012 kundi moja la watafiti lilichukua seli za endothelia kutoka mshipa mkuu wa ng'ombe. Walipoizuia autofajia, seli zilishindwa kujipanga kuwa vijia vya mishipa. Walipoichochea, vijia viliongezeka. Ukiishia hapo utasema autofajia huotesha mishipa. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wengine walikuwa wamechapisha matokeo ya panya wenye upungufu wa Beclin 1, mojawapo ya protini zinazoianzisha autofajia. Panya hao walipowekwa kwenye hewa yenye oksijeni kidogo, mishipa yao iliota zaidi ya ile ya panya wa kawaida. Ukiishia hapa utasema autofajia huzuia mishipa.

Matokeo hayo hayapingani. Seli inayotangulia kuchipua mshipa mpya inakwenda mahali pasipo na oksijeni wala chakula cha kutosha. Bila kujimeng'enyea kidogo haiwezi kufika. Wakati huo huo, autofajia huondoa mitokondria zilizoharibika na protini zinazobeba ishara za ukuaji, na kwa njia hiyo inaweza kuupunguza mwito wa kuota. Jibu linategemea hali ambayo seli imewekwa.

Kwa upande wa perisaiti, jaribio ninalolipa uzito kuliko mengine lilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Diabetologia. Watafiti waliweka perisaiti za retina ya binadamu pamoja na mafuta ya LDL (yale yanayobeba kolesteroli kwenye damu) yaliyobadilishwa na sukari na oksijeni, aina ya mafuta yanayofikiriwa kuvuja na kukaa kwenye retina ya mwenye kisukari. Mafuta hayo yalipokuwa kidogo, perisaiti zilijila kiasi na zikaishi. Yalipozidi, autofajia ile ile ilizidi nayo, ikawa sehemu ya njia ya kufa.

Nyumba yenye njaa huanza na akiba ya ghalani, ikafuata kuku, ikafuata mbuzi. Ikifika siku ya kula mbegu za msimu ujao, imeshiba leo na haina cha kupanda. Perisaiti iliyoelemewa na sukari na mafuta mabaya kwa miaka inaweza kufika kwenye mbegu.

Swali: Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi na sasa anaona madoa meusi yakielea. Je, ni hizo perisaiti?

Jibu: Kwanza mpeleke mama kliniki ya macho leo, na kama haiwezekani leo, basi kesho, hasa kama madoa yamekuja ghafla, kama anaona mwanga ukimulika, au kama pazia jeusi linashuka upande mmoja wa jicho. Ukishapanga safari, rudi usome hapa.

Kupotea kwa perisaiti ni mojawapo ya mabadiliko ya kwanza kabisa katika retina ya mwenye kisukari. Lilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1960, kapilari za retina zilipooshwa kwa vimeng'enya zikabaki mishipa mitupu chini ya darubini: mahali perisaiti ilipopaswa kukaa palibaki kishimo kitupu kwenye utando. Sukari nyingi huziumiza kwa njia kadhaa. Huzalisha sumu za oksijeni ndani yake, huzifanya zisiisikie vizuri ishara ya PDGF inayozipa uhai, na hugandisha sukari kwenye protini zinazozizunguka. Perisaiti zilizokufa hazirudishwi kwa urahisi.

Kinachofuata huchukua miaka, na katika miaka hiyo mgonjwa haoni tofauti yoyote. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapopoteza macho. Kapilari iliyokosa perisaiti hutuna vifundo vidogo. Vifundo huvuja damu na mafuta. Baadhi ya kapilari huziba kabisa, na kipande cha retina hukosa oksijeni. Kikikosa oksijeni kinatoa VEGF, na mishipa mipya inaota, lakini inaota juu ya retina, haina perisaiti za kutosha, ukuta wake ni mwororo. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya jicho, na madoa yanayoelea yanaweza kuwa damu hiyo. Ikijenga makovu, huivuta retina mpaka ibanduke.

Tiba ipo. Kuna miale ya leza, na kuna sindano za kuizuia VEGF zinazochomwa ndani ya jicho baada ya kutiwa ganzi. Mojawapo ni bevacizumab, dawa iliyoanza mwaka 2004 kama dawa ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho. Kwa kawaida inakuwa nafuu kuliko wenzake kwa sababu chupa moja ya saratani hugawanywa kwenye dozi ndogo nyingi, na kugawanya huko lazima kufanywe kwa usafi mkubwa.

Swali: Kama kisukari huotesha mishipa mingi machoni, mbona kidonda cha mguuni hakiponi? Si kingepata damu nyingi?

Jibu: Ni mtu yule yule, sukari ile ile, na mwili unafanya kinyume katika sehemu mbili. Machoni mishipa inaota pasipotakiwa. Mguuni inakataa kuota panapotakiwa.

Retina ni tishu inayokula oksijeni nyingi mno na imefungiwa mahali padogo. Ikikosa damu, VEGF inajikusanya kwenye maji mazito ya ndani ya jicho, haina pa kwenda. Mguuni kuna mambo mengine. Mara nyingi mishipa mikubwa ya mguu imekwisha kupungua upana, kwa hiyo hata kapilari zikiota, damu ya kuzijaza haifiki. Sukari nyingi huifanya HIF isifanye kazi vizuri, na ishara ya VEGF inatoka dhaifu. Seli za kinga kwenye kidonda hubaki katika hali ya vita bila kugeukia kazi ya kujenga. Na autofajia, ambayo seli za ngozi na za mishipa zinaihitaji ili ziweze kusogea na kuishi kwenye kidonda chenye njaa, huvurugika kwenye mazingira ya sukari nyingi.

Kuna dawa inayofungamana moja kwa moja na mada hii. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha becaplermin, mafuta ya kupaka kwenye kidonda cha mguu wa mwenye kisukari. Kilichomo ni PDGF ya aina ya B iliyotengenezwa maabara, ishara ile ile inayoziita perisaiti. Haikugeuka kuwa mwujiza. Inasaidia baadhi ya vidonda vyenye damu ya kutosha, ikiambatana na kuondoa nyama iliyokufa na kuupumzisha mguu usikanyagiwe. Jambo hilo la mwisho, kutokanyagia kidonda, halina gharama ya duka la dawa lakini ndilo gumu zaidi kwa mama ntilie au bodaboda ambaye asipofanya kazi leo hali leo. Familia ikimbebea kazi kwa wiki kadhaa, huenda imemwokolea mguu.

Kwa hiyo mtu anayekuuzia kidonge cha "kuotesha mishipa" au cha "kuamsha autofajia", muulize: ya jicho au ya mguu? Kidonge kikizunguka mwili mzima hakichagui.

Swali: Na saratani? Si kweli kwamba autofajia huua uvimbe?

Jibu: Wakati mwingine huuzuia usianze, kwa kuwa husafisha mitokondria na protini mbovu zinazoweza kuharibu vinasaba. Mwaka 1999 kundi la Beth Levine huko Marekani lilionyesha kwamba Beclin 1 inapungua kwenye seli nyingi za saratani ya titi. Lakini uvimbe uliokwisha kukua huigeuza autofajia kuwa chakula chake, hasa katikati ya uvimbe ambako damu haifiki.

Mishipa ya uvimbe nayo ni hadithi nyingine. Judah Folkman aliandika mwaka 1971 kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita ukubwa mdogo bila kuotesha mishipa yake. Mishipa hiyo imepinda, inavuja, na perisaiti zake zimeshika hovyo, jambo linalofanya hata dawa za saratani zisifike sawasawa. Kwenye saratani kali ya ubongo iitwayo glioblastoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba seli za saratani huzilazimisha perisaiti kuongeza aina fulani ya kujimeng'enya, na kwa njia hiyo perisaiti zinaacha kuusaidia mfumo wa kinga na kuanza kuulinda uvimbe. Aina hiyo ya kujimeng'enya ilipozimwa ndani ya perisaiti, panya walipata nafuu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuongeza autofajia kungekuwa kumsaidia adui.

Swali: Nimesoma kwamba klorokwini inazuia autofajia. Ni ile ile ya malaria?

Jibu: Ndiyo hiyo, ile chungu iliyowawasha watu mwili mzima. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Klorokwini huingia ndani ya laisosomu na kuipunguzia asidi, kwa hiyo vifuko vya autofajia vinajaa bila kumeng'enywa.

Mwaka 2014 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliwapa panya wenye uvimbe klorokwini na kuona mishipa ya uvimbe ikinyooka na kukumbatiwa vizuri zaidi. Kila mtu angedhani ni kwa sababu autofajia imezuiwa. Wakajaribu kuizima autofajia kwenye seli za endothelia kwa njia ya vinasaba, na matokeo mazuri yale hayakutokea. Klorokwini ilikuwa inafanya kazi kwa kupitia ishara nyingine kabisa, iitwayo Notch1. Ninaupenda utafiti huu kwa uaminifu wake: walikuwa na maelezo rahisi mkononi, wakayapima, wakayaacha.

Usiitafute klorokwini ujitibu. Ikitumika muda mrefu inaweza kuharibu retina bila kurudi nyuma. Wanaotumia ndugu yake, haidroksiklorokwini, kwa ugonjwa wa lupasi au wa viungo, wanapaswa kupimwa macho wanapoanza na kisha kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kama figo zao ni dhaifu.

Swali: Daktari, mimi nina miaka 61, natumia dawa za kisukari, glibenclamide na metformin. Nimezoea kufunga Ramadhani, na kijana wangu ananiambia niongeze mfungo wa siku tatu mfululizo ili seli zisafishike. Unasemaje?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Naomba nitenganishe hayo mawili.

Mfungo wa siku tatu mfululizo, usiufanye. Glibenclamide huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala kitu, na kazi yake hudumu muda mrefu. Sukari inaweza kushuka usiku ukiwa umelala, na ikishuka sana huleta degedege, kuzimia, hata kifo. Madai ya kusafisha seli yanatokana zaidi na hamira na panya. Panya akinyimwa chakula saa 24 amepoteza sehemu kubwa ya uzito wake, kwa hiyo saa zake si saa zako. Isitoshe, hakuna kipimo cha hospitali kitakachokuambia autofajia imepanda kwenye perisaiti za jicho lako. Na ikipanda, tumeshaona kwamba seli iliyoelemewa inaweza kufa nayo.

Ramadhani ni ibada, na uamuzi wake unaufanya wewe pamoja na daktari wako, wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Huenda glibenclamide ikabadilishwa au dozi ikahamishiwa futari. Kupima sukari kwa kuchoma kidole hakuvunji saumu kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, kwa hiyo pima, hasa alasiri. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipanda juu ya 16.7 mmol/L, fungua wakati huo huo hata kama zimebaki dakika chache adhana iadhiniwe. Kama una ugonjwa wa figo, au umewahi kushukiwa sukari mpaka ukazimia, mwambie daktari na imamu wako wote wawili. Dini imempa mgonjwa ruhusa.

Swali: Kuna dawa inayoongeza autofajia kwa uhakika?

Jibu: Rapamisini huizuia mTOR, hivyo huongeza autofajia. Ilitoka kwa bakteria waliopatikana kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huko bahari ya Pasifiki, na leo hupewa watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae. Dawa hiyo hiyo hudhoofisha kinga, huchelewesha vidonda kupona na huzuia mishipa mipya kuota. Mwenye kidonda cha kisukari hana sababu ya kuitamani.

Swali: Basi mtu wa kawaida afanye nini kuzilinda perisaiti zake?

Jibu: Punguza kinachoziumiza, nazo zitajimeng'enya kwa kiasi chake zenyewe.

Ushahidi wa hilo ni wa watu. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa karibu kulipunguza hatari ya kuanza ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Mwaka 1998 utafiti wa UKPDS wa Uingereza, kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ulionyesha madhara ya mishipa midogo yakipungua kwa asilimia 25 kwa kudhibiti sukari, na kwa asilimia 37 kwa kudhibiti shinikizo la damu. Angalia hiyo ya shinikizo la damu. Wagonjwa wengi wanahesabu sukari kila siku na kusahau kwamba presha nayo inapiga kwenye kapilari zile zile.

Kutembea kwa kasi kunasaidia pande zote. Mwaka 2012 kundi la Levine lilionyesha kwamba mazoezi yanaamsha autofajia kwenye misuli na moyo wa panya, na kwa binadamu inajulikana wazi kwamba misuli inayofanyishwa kazi huongeza kapilari. Mishipa hiyo inaota mahali inapohitajika, na inakuja na perisaiti zake. Mwenye ganzi miguuni avae viatu vilivyofunika vidole, avikung'ute kabla ya kuvaa, na akague nyayo kila jioni. Sigara iachwe.

Swali: Nikapime macho lini, hata kama naona vizuri?

Jibu: Kisukari cha aina ya pili, siku ile ile ya kuambiwa unacho au karibu nayo, kwa sababu huenda umekaa nacho miaka bila kujua. Cha aina ya kwanza, ndani ya miaka 5 tangu kianze. Baada ya hapo kila mwaka, au kadiri daktari wa macho atakavyosema. Mama mwenye kisukari akishika mimba apimwe mapema, maana ujauzito unaweza kuuharakisha ugonjwa wa retina.

Kipimo kinachotakiwa ni cha kuangalia nyuma ya jicho, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa ya matone, au kupigwa picha ya retina. Kusoma herufi ukutani peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuisoma mistari yote ilhali kapilari zake zimeanza kutuna. Baada ya matone utaona ukungu na mwanga utakuumiza kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiende ukiendesha pikipiki au gari, na uende na mtu wa kukurudisha. Idara za macho za hospitali za KCMC mjini Moshi na CCBRT Dar es Salaam hutibu retina. Kama uko mbali na miji hiyo, anza kwenye kliniki ya kisukari ya hospitali ya wilaya na uombe rufaa kwa jina lake: uchunguzi wa retina kwa mwenye kisukari. Beba daftari la sukari, orodha ya dawa unazotumia, na kipimo chako cha mwisho cha presha.